Hasikii, au Hatii? Somo juu ya Masikio ya Watoto wa Shule

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja kwa mambo mawili. Twasema, "Mtoto huyu hasikii," na huenda maana yake ni kwamba sauti haifiki masikioni mwake. Tena twasema maneno yale yale tukitaka kueleza kwamba mtoto ni mkaidi, hapendi kuagizwa. Wazee walituachia methali za namna hii: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na tena, Sikio la kufa halisikii dawa. Methali hizi ni za hekima, nazo zahusu moyo wa mtu, wala si sikio lake. Lakini kwa kuwa neno ni moja, twachanganya mambo hayo mawili, na mtoto mwenye sikio gonjwa hupewa adhabu ya mtoto mwenye moyo mgumu.

Katika somo hili twataka kuyatenga mambo hayo. Tutaeleza jinsi sikio lilivyo, mambo yaliharibuyo, jinsi ya kumtambua mtoto asiyesikia vema, na yatupasayo kumtendea nyumbani, shuleni, na katika mafundisho ya kipaimara. Twawaandikia hasa ninyi mkaao shamba, mbali na hospitali kubwa. Huko mtoto aweza kumaliza miaka saba ya shule bila mtu yeyote kupima masikio yake, akatoka akiitwa mjinga, hali akili yake ni nzima.

1. Ukubwa wa jambo hili

Mtu aweza kudhani kwamba jambo hili ni la watoto wachache sana. Sivyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa yake kubwa juu ya kusikia mwaka 2021. Lilisema kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na kati yao watoto ni milioni 34. Hao ni wale ambao upungufu wao ni mkubwa. Wenye upungufu mdogo, au wa sikio moja, hawakuhesabiwa humo.

Habari ya pili yatupasa kuishika zaidi. Mwaka 2016 shirika hilo lilieleza kwamba kati ya watoto 100 wenye upungufu wa kusikia, 60 wangaliweza kuepushwa nao. Katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama zetu, hesabu hiyo hufika 75. Basi robo tatu ya uziwi wa watoto wetu si jambo lisilozuilika. Ni usaha ambao haukutibiwa, chanjo ambayo haikuchomwa, uzazi ambao haukuangaliwa.

Hapa Tanzania, wataalamu walipima masikio ya watoto wa shule za mji wa Dar es Salaam na za vijiji vya jirani, na habari zao zikachapwa mwaka 1996. Waliona kwamba usaha wa masikio ni mwingi zaidi shamba kuliko mjini. Haituelei kuwa ajabu: shamba zahanati ni mbali, na sikio litokalo usaha bila maumivu makali halihesabiwi kuwa ugonjwa wa kumfungisha mama safari.

2. Sikio lilivyo

Sikio lina vyumba vitatu. Cha kwanza ni cha nje: ni lile jani la sikio tulionalo, pamoja na tundu lake, ambalo mwisho wake ni kiwambo, yaani ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma. Cha pili ni cha kati. Hicho kina hewa na mifupa mitatu midogo sana, iliyoshikana kama pete za mnyororo. Cha tatu ni cha ndani, nacho kina kiungo kilichojiviringa kama nyumba ya konokono, chenye maji na vijinywele vya kuhisi visivyoonekana kwa macho.

Sauti ikifika, hukitikisa kiwambo. Kiwambo huitikisa mifupa, mifupa huyatikisa maji ya ndani, na vile vijinywele hugeuza mtikiso ule kuwa habari. Kisha mshipa wa fahamu huichukua habari mpaka ubongoni, na hapo ndipo mtu asemapo, "Nimesikia."

Tena kutoka chumba cha kati pana mrija mwembamba ushukao mpaka nyuma ya pua. Kazi yake ni kuingiza hewa na kutoa uchafu. Kwa mtu mzima mrija huo umeinama, lakini kwa mtoto mdogo ni mfupi na karibu umelala sawasawa. Kwa hiyo ugonjwa wa mafua hupanda upesi kutoka puani mpaka sikioni. Ndiyo sababu mtoto mdogo akiumwa na mafua, mara nyingi huumwa na sikio pia.

Yafaa kuikumbuka tofauti moja. Kama ubaya uko katika chumba cha nje au cha kati, sauti imezuiliwa njiani, na mara nyingi njia yaweza kufunguliwa kwa dawa au kwa kazi ya tabibu. Kama ubaya uko ndani, vile vijinywele vikiisha kufa haviitwi tena kwa dawa. Mtoto huyo atasaidiwa kwa vifaa na kwa mafundisho yamfaayo. Kwa hiyo kuchelewa kuna hasara.

3. Mambo yaliharibuyo sikio

La kwanza ni usaha. Mtoto hushikwa na mafua, sikio huuma, homa hupanda, kisha kiwambo hutoboka na usaha hutoka. Maumivu hupungua, na wazazi hufurahi wakidhani amepona. Lakini tundu la kiwambo lisipoziba, usaha huendelea kutoka juma kwa juma, hata mwaka kwa mwaka. Mifupa mitatu huliwa polepole, na kusikia hupungua. Nzi humfuata, na wenzake hukataa kuketi karibu naye kwa sababu ya harufu. Tena ugonjwa huu waweza kuingia katika mfupa ulio nyuma ya sikio, na hata katika utando wa ubongo, ukaua.

La pili ni maji mazito yakaayo nyuma ya kiwambo pasipo usaha wala maumivu. Kwa nje hakuna liwezalo kuonekana. Mtoto hulala vema na kula vema, ila husikia kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole. Maji hayo huja na kwenda pamoja na mafua, hivyo juma hili mtoto asikia na juma lijalo hasikii. Hapo ndipo watu wasemapo, "Huyu husikia apendapo." Neno hilo limeumiza watoto wengi.

La tatu ni nta. Nta si uchafu. Huyalinda masikio, na kwa kawaida hutoka yenyewe. Lakini mtu akichokonoa kwa njiti ya kiberiti, kwa unyoya au kwa kifuniko cha kalamu, huisukuma ndani mpaka ikaziba tundu lote, au hutoboa kiwambo.

La nne ni magonjwa yafikayo mpaka chumba cha ndani: homa ya uti wa mgongo, surua, matubwitubwi, na rubela ambayo mama huipata akiwa mja mzito. Magonjwa haya yaweza kumwacha mtoto kiziwi katika siku chache. Mengi yana chanjo. Tangu mwaka 2014 watoto wa Tanzania hupewa chanjo ya surua pamoja na ya rubela katika sindano moja, akiwa wa miezi 9, na tena akiwa wa miezi 18. Wengi huichoma ya kwanza wakaiacha ya pili. Mzazi ailetaye kadi ya mtoto zahanati kwa sindano ya pili alinda masikio yake pamoja na maisha yake.

La tano ni mambo ya wakati wa kuzaliwa: mtoto aliyechelewa kupumua, aliyezaliwa njiti, au aliyepata manjano makali katika siku zake za kwanza. La sita ni dawa. Dawa nyingine za sindano, kama jentamaisini na streptomaisini, huokoa maisha, lakini zaweza kuua vijinywele vya ndani zikitolewa kwa wingi au bila kuangaliwa. Kwinini nayo huleta mvumo masikioni, ambao kwa kawaida hupita dawa ikiisha. Hatusemi kwamba dawa hizi ziachwe. Twasema zisinunuliwe dukani na kuchomwa na mtu asiye tabibu.

La saba ni makelele. Mashine ya kusaga ni kali kwa yule ashindaye humo kutwa. Na hapa tuseme pia juu ya vipaza sauti vikubwa vya arusi, vya mikutano, na vya makanisa yetu wenyewe. Watoto huketishwa mbele kabisa, karibu na vipaza sauti kuliko mtu mwingine ye yote. Wazee wa kanisa waweza kulitengeneza jambo hili Jumapili ijayo bila gharama: wawasogeze watoto, au wapunguze sauti.

4. Asikiavyo mtoto huyu darasani

Watu wengi hudhani kwamba mtu ama asikia ama ni kiziwi. Lakini kati ya hayo mawili pana ngazi nyingi, na watoto wengi wako katikati. Huyu wa katikati husikia ngoma, husikia mbwa akibweka, huitika aitwapo karibu. Kwa hiyo mzazi ataapa kwamba mwanawe asikia. Asichokisikia ni sehemu ya maneno.

Tutazame maneno yetu. Vokali, yaani a, e, i, o, u, zina nguvu na hufika mbali. Lakini herufi kama f, s, t, k, p na sh ni nyepesi kama pumzi, nazo hupotea kwanza. Mwalimu asoma imla: pika, fika, shika, zika. Mtoto wetu asikia "ika" mara nne, kisha abahatisha. Mwalimu asema, "Mama amefika," naye aandika, "Mama amepika." Mwalimu asema "vitabu," naye aandika "kitabu," na huambiwa kwamba hajui umoja na wingi.

Hata hesabu humponza. Katika sita na tisa vokali ni zile zile, i na a. Mwalimu asema, "Sita ongeza tatu," mtoto asikia "Tisa ongeza tatu," naye aandika 12. Hesabu aliyoifanya ni sahihi. Ila siyo ile aliyoambiwa. Lakini daftari lake hutiwa alama ya kosa, na wala hajui amekosa nini.

Sasa tufikiri na darasa lenyewe. Mahali pa wazi, kila mara umbali ukizidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa kipimo cha desibeli 6. Mtoto aliye mbali mita 8 na mwalimu hupata sauti iliyopungua desibeli 18 kuliko yule aliye mbali mita 1. Kwa mwenye masikio mazima si kitu, lakini kwa mwenye upungufu ndiyo tofauti ya kuelewa na kutoelewa. Tangu ada za shule zilipoondolewa mwaka 2016 watoto wengi wamepata kusoma, nasi twashukuru. Lakini madarasa yamejaa, na umbali kati ya mwalimu na dawati la mwisho umejaa minong'ono. Mvua ikinyesha juu ya bati, hata mwenye masikio mazima hasikii. Mwenye masikio mabovu ana mvua kila siku.

Basi mtoto huyu hufanya nini? Mara nyingi hawezi kusema, "Sisikii," kwa sababu hajui kwamba wengine wasikia zaidi yake. Hutazama wenzake. Wakisimama, asimama; wakiandika, achungulia daftari la jirani. Kwa hiyo huadhibiwa kwa kuiga. Wakicheka, acheka, naye huulizwa acheka nini. Mwishowe huchoka, husinzia, au huwa mtundu. Tena hukoma kuja. Jina la mtoro laandikwa katika kitabu, lakini sababu ya utoro wake haiandikwi.

5. Jinsi ya kumtambua

Mwalimu na mwinjilisti na watazame dalili hizi. Mtoto hugeuza upande mmoja wa kichwa kila asemeshwapo. Huutazama sana mdomo wa asemaye. Huuliza "Nini?" mara kwa mara, au huitikia jambo lingine lisiloulizwa. Husema kwa sauti kubwa mno, au huangusha herufi katika maneno. Huandika vizuri anapoiga ubaoni, lakini imla humshinda. Hafuati agizo lililotolewa nyuma yake, bali hufuata likitolewa mbele ya uso wake. Sikio hutoka maji au usaha, au lina harufu.

Dalili zile mbili za katikati ndizo hutenga mkaidi na mgonjwa. Mkaidi hatii hata ukisimama mbele yake. Mgonjwa hutii mara aonapo mdomo wako. Mvivu hukosa imla na kuiga pia. Mgonjwa hukosa imla tu.

Pana na kipimo kimoja ambacho mtu ye yote aweza kukifanya bila chombo. Mchukue mtoto mpaka mahali pa kimya, mbali na wenzake, ili asione haya. Kwanza mweleze uso kwa uso utakalofanya. Kisha simama nyuma yake, mbali kadiri ya urefu wa mkono wako, ili asiuone mdomo. Mtoto azibe sikio moja kwa kidole na kukitikisatikisa kidole hicho polepole. Nawe toa pumzi yote, kisha nong'ona maneno matatu ayajuayo, kama vile kisu, taa, sita. Ayarudie. Yakimpita, nong'ona mengine matatu. Asipopata hata nusu ya yote sita, sikio lile lina shaka. Ndipo lipimwe la pili kwa maneno mengine.

Kipimo hiki si hukumu. Chatuonyesha tu ni mtoto gani apelekwe kwa tabibu. Mwalimu aweza kupima watoto kumi kwa muda wa saa moja, na darasa zima kwa majuma machache. Na aanze na wale watatu ambao husemwa katika chumba cha walimu kwamba hawafundishiki.

6. Yatupasayo kutenda

Nyumbani. Sikio likitoka usaha, lisiachwe na lisizibwe. Kata kitambaa safi cha pamba, ukisokote kiwe utambi, ukitie polepole katika tundu, ukingoje kinyonye, ukitoe na kukitupa. Rudia mpaka utambi utoke mkavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Njiti isitumike, wala utambi usiachwe sikioni. Kisha mpeleke mtoto zahanati apewe dawa ya matone. Kukausha huifanya dawa ifike. Dawa ikitiwa juu ya usaha haifiki.

Mtu asitie mafuta ya moto, maji ya majani, maziwa ya mama wala mkojo. Vitu hivi hupeleka ugonjwa ndani. Mtoto mwenye usaha asiogelee mtoni wala bwawani, na aogapo sikio lilindwe maji yasiingie. Mama mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe, kwa maana maziwa yake humkinga; wala asimlaze chali na chupa mdomoni. Moshi wa jiko na wa tumbako huzidisha magonjwa ya masikio, basi mtoto asilazwe penye moshi.

Kwa tabibu. Sikio lililotoka usaha siku 14 au zaidi ni ugonjwa wa kudumu, nao wataka kufuatwa mpaka mwisho, si mara moja tu. Lakini pana dalili za hatari ambazo haziwezi kungoja siku ya pili: uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, homa kali pamoja na shingo kukakamaa, uso kupinda upande mmoja, kizunguzungu kikali, au kutapika na kulala mno. Mtoto huyo apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku.

Darasani. Mketishe mtoto mbele, na sikio lake lililo zima liwe upande wa mwalimu. Mwalimu asisimame dirishani, maana mwanga ukiwa nyuma yake uso wake huwa kivuli, na mdomo hauonekani. Asiseme huku akiandika ubaoni. Aandike kwanza, kisha ageuke aseme. Asifunike mdomo kwa mkono au kwa kitabu. Asipige kelele, kwa kuwa kelele huzidisha vokali na kuzifunika zile herufi nyepesi. Bali aseme polepole na wazi, karibu. Mwanafunzi mwingine akijibu, mwalimu alirudie jibu lile. Maagizo ya kazi yaandikwe. Tena mtoto apewe rafiki mmoja wa dawati, mwenye moyo mwema, wa kumwonyesha ukurasa. Mambo hayo yote hayana bei.

Katika mafundisho ya kipaimara tuna hatari yetu wenyewe. Twafundisha sana kwa kinywa. Watoto hukariri Katekisimo kwa kuitikia pamoja. Asiyesikia hujificha katika sauti ya wengi, akitikisa midomo, hata siku ya kuulizwa mmoja mmoja. Ndipo huaibishwa mbele ya usharika. Mwinjilisti na aulize mapema, kila mmoja peke yake, na asiyeweza kwa sikio apewe maneno yaliyoandikwa. Torati, katika Walawi 19, yakataza mtu kumlaani kiziwi. Na katika Marko 7 twasoma jinsi Bwana alivyomtendea: alimtoa kwanza penye watu wengi, kisha akatumia mikono yake, mambo ambayo mtu yule aliweza kuyaona na kuyahisi. Utaratibu huo wa mahali pa kimya, uso kwa uso, na vitendo vinavyoonekana, mwalimu wa kiziwi aweza kuufuata hata leo.

7. Mtoto aliye kiziwi kabisa

Wako na watoto ambao hawasikii hata ngoma. Watu huwaita mabubu, wakidhani ulimi wao ni mbovu. Wengine huwapeleka kukatwa utando ulio chini ya ulimi. Ulimi hauna kosa. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia. Asiyepata kusikia hajui sauti ya kuiga. Kumkata ni kumtia jeraha bure. Tena si laana wala uchawi, na mama yake asilaumiwe.

Wengine husema, "Atatazama midomo." Midomo husaidia kidogo, lakini haitoshi. Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: papa, baba, mama. Utaona kwamba midomo yafanya jambo moja mara tatu. Kiziwi ahitaji lugha iliyo kamili machoni, nayo ni Lugha ya Alama. Aipatapo mapema, akili yake hukua kama ya mtoto mwingine. Akikaa miaka kumi nyumbani bila lugha yo yote, ndipo hupungukiwa, si kwa sababu ya sikio bali kwa sababu ya upweke.

Katika nchi yetu shule ya kwanza ya viziwi ilianzishwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974, na Kanisa letu la Kilutheri nalo lina shule ya viziwi huko Mwanga, mkoani Kilimanjaro. Walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu hufundishwa katika Chuo cha Patandi, karibu na Arusha. Tangu mwaka 2017 hospitali ya Muhimbili imefanya upasuaji wa kupandikiza chombo cha kusikia kwa watoto waliozaliwa viziwi, ingawa gharama yake ni kubwa, na mtoto yafaa aletwe akiwa mdogo sana. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto huyu haki ya kusoma kama mwingine. Kwa hiyo mzazi asiambiwe, "Huyu akae nyumbani achunge mbuzi." Aulize kwa afisa elimu wa wilaya juu ya shule iliyo karibu, na usharika umsaidie nauli.

Mwisho

Ndugu, twarudi kwenye neno letu. Mtu akisema mbele yako, "Mtoto huyu hasikii," usiitike upesi. Muulize, "Je, masikio yake yamepimwa?" Fimbo haijapata kufungua sikio la mtu ye yote, bali kofi lipigwalo sikioni laweza kupasua kiwambo, likamfanya kiziwi yule ambaye jana alikuwa mkaidi tu. Tupime kwanza, ndipo tuonye. Aliye mkaidi ataonywa baada ya kupimwa, wala hakuna kilichopotea. Lakini aliye mgonjwa akiadhibiwa kabla ya kupimwa, amepoteza sikio, na shule, na imani yake kwa sisi wakubwa.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Neno "kusikia" lina maana gani mbili katika Kiswahili, na kuzichanganya kwaleta hasara gani?
2. Kwa nini mtoto mdogo huumwa sikio upesi akiwa na mafua?
3. Ni dalili gani zitengazo mtoto mkaidi na mtoto asiyesikia?
4. Sikio lenye usaha hukaushwaje, na ni dalili zipi zitakazo hospitali siku ile ile?
5. Katika usharika wako, je, yuko mtoto aliyeacha shule au mafundisho ambaye masikio yake hayakupimwa? Nani atakwenda kwao juma hili?